Ufaulu wa hisabati umeshuka kutoka asilimia 61 hadi 48: tuchimbe wapi kabla ya kuongeza vipindi?

Mwl_Taaluma

Walimu, habari za kazi.

Shule ni ya umma, mkondo mmoja. Kwenye mtihani sanifu wa hisabati mwaka jana walifanya watahiniwa 41, wakafaulu 25. Mwaka huu wamefanya 42, wamefaulu 20. Ripoti inasomeka kwamba tumeshuka kutoka asilimia 61 hadi 48, na kamati ya shule inataka majibu. Pendekezo lililo mezani ni vipindi vya ziada vya kukokotoa mitihani ya miaka iliyopita, hasa kwa wale waliokosa alama chache tu kufika mstari wa ufaulu, ambao ni alama ghafi 20, yaani maswali 20 sahihi.

Nilicho nacho mkononi: maswali 40 ya kuchagua, kila moja na machaguo manne, muda dakika 90. Kosa halipunguzi alama. Nina faili lenye herufi aliyochagua kila mtahiniwa kwa kila swali, na nafasi tupu pale asipojibu. Ninazo pia alama ghafi, alama za mizani (zilizorekebishwa kulingana na ugumu wa karatasi) na mahudhurio ya mwaka mzima. Ya mwaka jana ninayo majumlisho tu.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Huku kushuka ni kwa kweli, au ni tabia ya namba ndogo? Faili la majibu linachambuliwaje hatua kwa hatua? Na hivyo vipindi vya mitihani ya zamani vina faida kiasi gani?

---

Mpimaji

Nachukua la kwanza.

Kila mwaka chukua sehemu ya waliofaulu, zidisha kwa sehemu ya waliofeli, gawanya kwa idadi ya watahiniwa. Mwaka jana: 0.61 × 0.39 ÷ 41 = 0.0058. Mwaka huu: 0.476 × 0.524 ÷ 42 = 0.0059. Jumlisha, upate 0.0117, kisha tafuta kipeuo cha pili: 0.108. Yaani tofauti kati ya miaka miwili inaweza kuyumba kwa karibu pointi 11 bila mwalimu yeyote kubadilisha chochote. Ili useme shule imebadilika kweli, kwa kiwango cha uhakika kinachotumika sana kwenye takwimu, pengo linatakiwa kuwa karibu mara mbili ya hapo, pointi 21 hivi. Lenu ni 13. Kwa darasa la watoto 42, mtoto mmoja peke yake ana uzito wa pointi 2.4. Watoto watano wakiamka na homa, au watano hodari wakihama, mmeshamaliza pointi 12.

Msiichukue hii kama habari njema. Watoto 22 hawajafika kiwango, na hilo lingekuwa tatizo hata kama mwaka jana mngepata asilimia 40. Ninachosema ni kwamba mshuko wenyewe hauwezi kubeba maelezo mnayotaka kuutwisha. Mkikaa kikao cha kutafuta nani kaushusha ufaulu, mtampata mtu, na kuna uwezekano mkubwa awe hana kosa.

Kuna mambo mengine mawili kabla hujaenda mbali.

Asilimia ya ufaulu ni kipimo kikorofi kwa sababu kinatazama mstari mmoja tu. Aliyepata 19 na aliyepata 6 wote wanahesabika sawa. Panga alama za mizani za watoto 42 kutoka juu hadi chini, utazame umbo lake: wamejazana karibu na mstari, au kuna kundi lililobaki mbali chini? Shule mbili zenye asilimia 48 zinaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa. Na unapolinganisha miaka, tumia alama za mizani. Alama ghafi 22 ya mwaka huu si lazima iwe sawa na 22 ya mwaka jana, kwa kuwa karatasi zinatofautiana ugumu. Mizani ndiyo inayosawazisha, endapo mtihani umefungamanishwa na wa nyuma kwa maswali ya pamoja. PISA na TIMSS, tathmini za kimataifa za wanafunzi, hufanya hivyo: ziliweka mizani yenye wastani 500 na mchepuko sanifu (kipimo cha alama zinavyotawanyika) 100 mwanzoni, halafu kila awamu inarejeshwa kwenye mizani ileile.

La pili, hao si watoto walewale. Mlinganisho wenye maana ni wa hawa 42 na alama zao wenyewe za mtihani wa miaka ya nyuma. Kama walishakuwa chini tangu huko, tatizo ni la zamani, na kumkazia macho mwalimu wa mwaka huu ni kumwonea. Tenga pia waliohamia katikati ya mwaka.

---

Bi_Hesabu

Mwalimu, hilo faili la herufi ndiyo mali yenyewe. Asilimia 48 haimwambii mtu afundishe nini kesho. Herufi zinamwambia.

Fungua lahajedwali. Kila mtahiniwa mstari wake, kila swali safu yake. Karatasi ya kwanza ibaki na herufi kama zilivyo, usiiguse tena. Kwenye karatasi ya pili geuza: jibu sahihi 1, kosa 0, tupu iache tupu kwa sasa. Watu wengi hugeuza tupu kuwa 0 mapema na kupoteza habari muhimu. Kabla hujaendelea, jumlisha kila mstari na uone kama unalingana na alama ghafi ya kwenye ripoti. Ukikuta tofauti kwa watahiniwa wengi, ufunguo wako wa majibu una kosa au safu zimeteleza.

Kisha ugumu wa kila swali: waliopata, gawanya kwa waliojibu. Hapa ndipo watu hukosea kusoma. Kwenye machaguo manne, kubahatisha pekee kunampa mtu 0.25. Kwa hiyo swali lenye 0.28 usiseme "zaidi ya robo wanalijua". Karibu hakuna anayelijua. Swali lenye 0.45 nalo linaweza kuwa na wanaojua kidogo zaidi ya robo tu, waliobaki ni bahati. Na kama ripoti ina kiwango cha watahiniwa wote wa mtihani kwa kila swali, kiweke pembeni. Swali la 0.35 ambalo wote wamepata 0.33 ni gumu tu. Swali la 0.55 ambalo wengine wamepata 0.80 ndilo lenu hasa, ingawa kwa macho linaonekana zuri kuliko lile la kwanza.

Halafu upambanuzi: swali linawatenganisha wanaojua na wasiojua? Njia ya zamani ni kuchukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, kwenu ni watoto 11 na 11. Juu wakipata 9 na chini 2, upambanuzi ni 0.82 kutoa 0.18, sawa na 0.64, swali zuri. Ukikuta sifuri au hasi, yaani wa chini wamewazidi wa juu, simama hapo. Sababu ni tatu kwa kawaida: ufunguo wako si sahihi, swali lina utata, au kuna jambo limefundishwa vibaya na waliosikiliza darasani ndio waliolishika. Hii ya tatu inauma, ila ni vizuri kuijua.

Sasa vipotoshi (yale machaguo yasiyo sahihi), ambavyo kwangu ndiyo sehemu tamu. Usiishie kujua kwamba wamekosa, tazama wamekosa kwa herufi gani. Makosa yakigawanyika sawasawa kwenye herufi tatu, wamebahatisha, mada haikuingia kabisa. Yakirundikana kwenye herufi moja, wana kanuni kichwani, ila ni kanuni mbovu, na wanaiamini. Mifano ninayotazama kwanza:

- 0.45 + 0.3, jibu lililochaguliwa 0.48. Wamepanga tarakimu kutokea kulia badala ya kupanga nukta chini ya nukta.
- Ipi kubwa, 0.35 au 0.4? Wamechagua 0.35 kwa kuwa 35 inazidi 4. Ni mtoto huyohuyo wa juu, hajui thamani ya nafasi baada ya nukta.
- 1/3 + 1/4, jibu 2/7. Juu kwa juu, chini kwa chini.
- 5 − (−3), jibu 2. Ishara moja wameimeza.
- Mstatili wa 8 kwa 5, eneo limekuwa 26. Wamepata mzingo.

Mawili ya kwanza ni ugonjwa mmoja. Mwalimu atakayeona "desimali wamefeli" atarudia mada nzima kwa wiki tatu. Mwalimu aliyeona herufi atafundisha thamani ya nafasi kwa vipindi vitatu vinne, kwa chati ya mamoja, sehemu za kumi na sehemu za mia, kisha atarudi kujumlisha.

Kwa hiyo panga maswali yote 40 kwa mada, andika kwa kila moja ugumu, kipotoshi kilichovuta wengi, na idadi yao. Ukurasa mmoja unatosha. Usitoe hukumu ya mada kwa swali moja. Mada yenye maswali mawili tu kwenye karatasi haitoshi kusema lolote, itengenezee maswali sita hadi nane ya darasani upime tena.

---

Kalamu_Nyekundu

Bi Hesabu kasema vizuri, ninaongezea kwenye upambanuzi. Asilimia 27 ni ya mtaalamu wa takwimu Kelley, 1939, na ilifaa wakati watu wanahesabu kwa mkono na karatasi ni mamia. Kwa watoto 11 kila upande, mtoto mmoja anasogeza namba kwa 0.09, na wale 20 wa katikati umewatupa. Kwenye lahajedwali tumia fomula ya CORREL, inayopima uhusiano wa safu mbili (1 ni uhusiano kamili, 0 hakuna), kati ya safu ya swali (1 na 0) na jumla ya mtoto bila swali hilo. Ukilisahau hilo la "bila", swali linajilinganisha na lenyewe na linaonekana bora kuliko lilivyo. Kwa watahiniwa 42, chini ya 0.1 ndiyo ya kutiliwa shaka. Tofauti ya 0.35 na 0.45 usiijali.

Na zile nafasi tupu, zigawe makundi mawili. Tupu ya katikati, ambayo baada yake mtoto ameendelea kujibu, ni swali lililorukwa. Tupu zinazofuatana kuanzia swali fulani hadi la 40 ni swali lisilofikiwa, na hilo ni suala la muda. Ndiyo sababu Bi Hesabu amesema gawanya kwa waliojibu. Swali la 38 likionekana gumu kumbe nusu hawakulifikia, utafundisha mada isiyo na tatizo.

Kitu kimoja kinachosahaulika: fomu ya majibu iliyoteleza mstari. Tafuta mtoto aliyefanya vizuri mwanzoni kisha akaporomoka ghafla hadi kwenye kiwango cha kubahatisha. Sogeza herufi zake nafasi moja juu, halafu moja chini, uone kama alama inaruka.

Jambo la mwisho, chukua azimio la kazi uliweke kando ya orodha ya mada za mtihani. Andika tarehe kila mada ilipomalizika. Mada zilizopangwa mwisho wa mwaka mara nyingi hufundishwa kwa kukimbizana wiki mbili kabla ya mtihani, au baada yake. Hapo tatizo ni kalenda, mtoto hana kosa.

---

Mwl_Taaluma

Asanteni sana. Nimefanya, haya ndiyo yaliyotoka.

Watahiniwa 17 hawakufika swali la 36 hadi 40. Swali la 12 ni la kujumlisha desimali, 23 kati ya 42 wamechagua 0.48 kama Bi Hesabu alivyosema. Maswali matatu mengine ya desimali yana kipotoshi cha aina hiyohiyo. Yupo mmoja aliyeteleza kuanzia swali la 16: alama yake ni 14, nikisogeza nafasi moja inakuwa 27. Jiometri wako sawa na watahiniwa wengine.

Kinachonitatiza ni mafumbo. Maswali tisa ya maelezo yana wastani wa 0.31, na mahesabu yaleyale yakiwa namba tupu wanapata. Mafumbo hayo yanafundishwaje?

---

Bi_Hesabu

Kwanza huyo wa 27. Alama yake huwezi kuibadilisha wewe, iombeeni uhakiki kwa wenye mtihani kwa utaratibu uliopo, lakini leo hii mwondoe kwenye orodha ya kusaidiwa hesabu. Anachohitaji ni kufundishwa kulinganisha namba ya swali na namba ya fomu kila baada ya maswali matano.

Kuhusu mafumbo, usianze kufundisha kabla hujajua ni lugha au ni hesabu. Chukua maswali sita kati ya hayo tisa. Siku ya kwanza wape kama yalivyo. Baada ya siku tatu wape hesabu zilezile kwa namba tupu. Siku nyingine wape maelezo yaleyale lakini wewe ukiwasomea kwa sauti, mara mbili, polepole. Akikosa kwenye maandishi na kupata ukimsomea, tatizo ni kusoma, na msaada wake uko kwa mwalimu wa lugha. Akikosa hata ukimsomea lakini namba tupu anapata, hajui maelezo yanadai kitendo gani. Akikosa zote, rudini kwenye hesabu.

Kwa hilo kundi la kati, maneno yanayoua ni machache na yanajulikana. "Imepungua kwa 15" na "imepungua hadi 15" ni hesabu mbili tofauti, na mtoto anayesoma haraka haoni tofauti. "Zaidi ya", "angalau", "kila mmoja", "kwa pamoja", "iliyobaki" nayo yamo. Hatari kubwa zaidi ni kufundisha maneno dalili, kwamba ukiona "zaidi" jumlisha. "Asha ana 12, ambazo ni 5 zaidi ya za Juma. Juma ana ngapi?" Aliyefundishwa dalili atajibu 17, na mtunzi wa mtihani ameshaiweka 17 kwenye machaguo akimsubiri. Badala yake, kila fumbo lianze na mchoro wa mistari miwili, mmoja mrefu wa Asha, mmoja mfupi wa Juma, pengo liandikwe 5. Kisha aseme kwa maneno yake anayetafutwa ni nani, ndipo ashike kalamu ya hesabu. Mafumbo manne kwa kipindi yanatosha. Kumi yanarudisha kukimbilia jibu.

Shina la swali (maneno yake kabla ya machaguo) likiwa la kukanusha, "ipi si kigawe", "zote isipokuwa", wafundishe kupigia mstari hilo neno kabla ya kusoma machaguo.

---

Kalamu_Nyekundu

Kwenye muda: dakika 90 kwa maswali 40 ni dakika 2 na robo kwa swali. Watoto 17 kutofika 36 kuna chanzo kwenye mojawapo ya sehemu mbili. Ama wanang'ang'ania swali moja kwa dakika saba, ama mahesabu ya msingi ni ya polepole. Wape zidisha 30 za tarakimu moja kwa dakika 2. Asiyefika 20 sahihi bado anachora vijiti vya kuhesabia pembeni, na karatasi yoyote itamshinda muda. Huyo mpe dakika tano kila siku za majedwali, asilundikiwe saa moja ya wikiendi.

Anayemudu, mfundishe mizunguko miwili. Wa kwanza ajibu yanayoingia, linalozidi dakika 2 aweke alama na kuondoka. Dakika ya 60 aanze kurudi kwenye yaliyobaki. Dakika 5 za mwisho hakuna nafasi inayobaki tupu, kwa kuwa umesema kosa halipunguzi alama. Kubahatisha maswali matano ni wastani wa alama 1.25. Hayo si maarifa na yasitangazwe kuwa ni maarifa, ila ni haki ya mtoto kutozikosa.

---

Mpimaji

Nimalizie na lile pendekezo la kamati, kwa sababu linanisumbua.

Mitihani ya zamani ina kazi: kumzoesha mtoto fomati, fomu ya majibu na mwendo wa saa. Karatasi mbili kamili chini ya muda halisi, kila moja ikifuatwa na kipindi cha kuchambua makosa, zinatosha. Ya tatu na kuendelea, wanaanza kukariri sura za maswali. Alama zinapanda kwenye maswali yanayofanana na ya zamani, na mtunzi akibadilisha umbo, zinarudi zilikokuwa. Mwanasaikolojia Donald Campbell aliliandika mwaka 1976: kadiri kipimo kinavyotumika kufanyia maamuzi, ndivyo kinavyozidi kupotoshwa na kupotosha jambo lenyewe lililokusudiwa kupimwa.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni jaribio fupi la kila wiki lisilo na alama za kutangazwa. Maswali 10: manne ya wiki hii, matatu ya mwezi uliopita, matatu ya nyuma zaidi. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma tena kifungu walifanya vizuri kuliko waliojipima, wakiulizwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja hali ikageuka. Ndiyo maana marudio ya usiku wa kuamkia mtihani hudanganya: mtoto na mwalimu wote wanaona yameingia.

Na hao "waliokosa alama chache". Mtihani wa maswali 40 wenye mchepuko sanifu wa 7.5 na uthabiti (kiasi alama zingejirudia mtoto akipimwa tena, 1 ikiwa kamili) wa 0.84, ambazo ni namba za kawaida kwa karatasi ya aina hii, una kosa la upimaji la alama 3: 7.5 mara kipeuo cha pili cha 0.16, yaani 1 kutoa 0.84. Aliyepata 18 na aliyepata 22 hamwezi kuwatofautisha kwa karatasi moja. Mkiwachukua wa 17 hadi 19 pekee, mnawaacha wenzao wa 20 na 21 wenye hali ileile, na wale wa 8 wanaohitaji zaidi mnawafungia mlango. Halafu lipo la pili: kundi lolote lililochaguliwa kwa sababu ya alama za chini litapanda kidogo kwenye mtihani unaofuata hata likiachwa, maana sehemu ya alama ile ya chini ilikuwa bahati mbaya ya siku. Kamati itaona wamepanda, itasema vipindi vimefanya kazi.

Gawa kwa kosa badala ya alama. Wale 23 wa 0.48 ni kundi moja, na naamini humo mna waliofaulu pia. Wasiomudu majedwali ni kundi la pili, wa mafumbo la tatu. Mtoto anaweza kuwa kwenye mawili. Kila kundi wiki nne, vipindi viwili kwa wiki, kisha maswali manane mapya ya kosa hilohilo kwa umbo tofauti. Akipata saba anatoka kwenye kundi.

---

Mwl_Taaluma

Nimeangalia: kati ya wale 23 wa swali la 12, wanane wamefaulu mtihani. Wasingeitwa hata mmoja kwenye vipindi vya kamati. Naandaa ukurasa mmoja wa kosa kwa kosa kwa ajili ya kikao, majina ya watoto nabaki nayo mimi na mwalimu wa somo. Kundi la desimali linaanza Jumatatu.